Bahari, Kidato cha Tatu B

Tukuyu, mwezi wa nne, mvua siku ya kumi na moja.
Nimeandika ubaoni kwa chaki iliyolowa:
BAHARI ZA USHAIRI. Tarbia. Ukaraguni. Utenzi.
Subilaga, dawati la nyuma, sweta ya dada yake,
ananyosha mkono usio na haraka:
"Mwalimu, kwa nini mashairi yawe na bahari?
Sisi hapa hata ufuko hatuna."

Darasa likacheka. Mimi nikajifanya nakohoa.
Gwamaka akasema baba yake, utingo wa lori la ndizi,
huleta bahari kutoka Dar ndani ya chupa ya soda,
dawa ya masikio ya shangazi.

Nikawaambia ninachokijua, maana ndicho ninacholipwa nikijue:
neno tumelipata kwa Waarabu, bahr,
na kwao bahr ni maji yasiyo ng'ambo,
tena ni mto mkubwa,
tena ni mizani ya shairi,
kwa kuwa humo unachota, unachota, na humalizi.
Waamhara nao, watu wa milimani kama sisi,
wanalo, bahir, na hata ziwa hulipa jina hilo
bila kumwomba radhi mtu yeyote wa pwani.

Anyelwisye akataka kujua kama Wajerumani wa misheni ya Rungwe
walikuja na lao. Walikuja nalo. See.
Likiwa la kiume, ni ziwa.
Likiwa la kike, ni bahari.
Hapo wavulana wakaamka.

Na Nyasa? Nyasa, wanasema, maana yake ni ziwa tu.
Mgeni aliuliza jina, akatajiwa alichokuwa anakitazama.
Basi ramani yetu inasema Ziwa Ziwa,
kama mtu anayebisha hodi mara mbili
kwenye nyumba asiyojua ni ya nani.

Na ziwa lenyewe? Ziwa ni la mama.
Yakiwa mawili ni maziwa, na maziwa ni yale ya kwenye kibuyu,
na maziwa ni Rukwa, ni Tanganyika, ni

Hapo sikumaliza. Kengele ya chai ilikuwa bado.

Ilinijia njia ya Masoko, asubuhi, ukungu umefika kwenye migomba,
mama na tenga la viazi.
Ukungu ukapasuka. Akasimama.
Mikono haikuwa na nafasi, akaonyesha kwa kidevu:
chini, mbali, pale panapong'aa kama sahani ya bati.
Akalitaja. Silabi chache za Kinyakyusa.

Tenga nalikumbuka. Kamba ilivyomkata bega naikumbuka.
Nakumbuka nilimjibu kwa Kiswahili,
kwa sababu shuleni neno la nyumbani
lilivishwa kibao cha mti shingoni, nami nilishakivaa mara mbili.
Neno lenyewe silikumbuka.

Bahr ninalo. Bahir ninalo. See ninalo, la kiume na la kike.
La mama nimelidondosha mahali,
kati ya njia ile na chuo cha ualimu,
na mama hayupo wa kuulizwa.

"Kaulize nyumbani," nilimwambia Subilaga.
"Bibi yako anayaitaje yale maji ya kule chini?"
Nilitumia sauti ya kazi ya nyumbani,
sauti ya mtu ambaye jibu lipo kwenye daftari lake.

Jumatatu aliwahi kuliko wote, sweta inachuruzika.
Amelipata, na amelibeba mdomoni tangu Kiwira
bila kusalimiana na mtu njiani, lisije likamwagika.
Akasimama mbele yangu. Akafungua kinywa.
Papo hapo mabati yakapokea mvua yote ya Rungwe kwa mkupuo mmoja.
Niliona midomo ikikutana, ikiachana.
Maji yamelifunika jina la maji.

"Sema tena," nikamwambia.
Akasema.
"Tena."